Kolwezi: Kabla ya kuhesabu watoto wa Kapata, nani anajua nyumba ni ngapi?

Kila mchimbaji wa Kolwezi anajua sampuli ni nini, hata kama hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Anapofikisha mfuko wake wa madini kwenye depo, mnunuzi hapimi mfuko mzima. Anachota kiganja kimoja, anakielekezea kile kifaa cha mkononi ambacho mji mzima unakiita Metorex, na baada ya muda mfupi namba inatokea: kobalti ni kiasi gani, shaba ni kiasi gani. Bei ya mfuko wote inatoka kwenye kiganja hicho.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mchimbaji anasema mnunuzi amechota mahali penye udongo mtupu. Mnunuzi anajibu kwamba mawe mazuri yamepangwa juu na chini kumejaa takataka. Wote wawili wanabishania jambo moja: je, hicho kidogo kilichochotwa kinaweza kusimama kwa niaba ya mfuko mzima?

Swali hilohilo ndilo linalowaumiza kichwa wanafunzi wa masta wa afya ya umma, demografia, uchumi na sosiolojia wanaposomea mbinu za kufanya uchunguzi wa kaya na kuchagua sampuli. Ila mfuko wao ni watu. Na katika eneo la shaba na kobalti la Lualaba, ambako dunia nzima inataka kujua watoto wangapi wanafanya kazi migodini na kaya ngapi zinakunywa maji machafu, kosa la kiganja kimoja linaweza kusafiri hadi Brussels na Washington kabla mtu wa Kapata hajasikia kwamba amehesabiwa.

Kambi iliyopoteza orodha yake

Kapata iko pembezoni mwa mji wa Kolwezi, upande wa kusini-magharibi. Ilijengwa kama makazi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari kando ya avenyu. Katika makambi ya namna hiyo, tangu enzi za Union Minière hadi za Gécamines, kampuni ilikuwa na habari za kila mlango: nani analala humo, ana mke na watoto wangapi, wanapokea posho kiasi gani, wanasoma shule ipi, wanatibiwa wapi.

Kwa mtu anayefanya uchunguzi, hali hiyo ni neema. Somo la kwanza la sampuli linasema hivi: huwezi kuchagua watu kwa haki kama huna orodha ya watu wote unaowachagulia. Wataalamu huiita orodha ya msingi. Asiye kwenye orodha hana nafasi hata moja ya kuulizwa, na uchunguzi utaongea kana kwamba hayupo duniani.

Gécamines iliposhuka, orodha za namna hiyo zilishuka nayo. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliachana na kampuni hiyo katika miji yake ya Katanga. Wengi walibaki katika nyumba walizokuwa wakiishi, lakini hawakuwa tena kwenye karatasi ya mtu. Wakati huohuo wachimbaji wa mkono walimiminika Kolwezi kutoka kila upande. Vyumba vikapangishwa, vibanda vikaongezwa nyuma ya nyumba, na parseli iliyokuwa ya familia moja ikawa ya familia tatu au nne.

Kwa nchi nzima hali haina nafuu. Sensa ya mwisho ya watu wote nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984, wakati nchi ilikuwa na watu karibu milioni 30. Leo inakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 100. Neno "inakadiriwa" ndilo linalobeba mzigo wote. Mtu aliyezaliwa mara tu baada ya sensa ile sasa amepita miaka 40, pengine ana wajukuu, na hajawahi kuhesabiwa katika sensa hata mara moja.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kongo anaposomea mbinu hizi hukutana na ugumu ambao mwenzake wa Ulaya huusoma kitabuni tu. Yule wa Ulaya anafungua rejista ya wakaaji na kuiambia kompyuta ichague. Huyu wa Kolwezi lazima kwanza atembee na daftari, avenyu kwa avenyu, aitengeneze rejista yenyewe.

Sampuli si ngeni Kongo

Wengi hufikiri mbinu hizi zililetwa juzi na mashirika ya misaada. Historia inasema vingine. Kati ya mwaka 1955 na 1957, utawala wa Kibelgiji ulifanya uchunguzi wa idadi ya watu kwa njia ya sampuli katika Kongo yote. Watu wapatao milioni 1.36, karibu asilimia 11 ya wakaaji wote wa wakati ule, waliandikwa. Kazi hiyo, aliyoisimamia mwanademografia Anatole Romaniuk, ilikuwa miongoni mwa chunguzi kubwa za sampuli za kwanza barani Afrika, na mpaka leo inatajwa na wanaosoma historia ya uzazi katika Afrika ya kati.

Baadaye, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha Observatoire du Changement Urbain, kituo kilichochunguza jinsi kaya za mji huo zinavyoishi baada ya mshahara wa kampuni kukatika: wanakula nini, nani analeta pesa, watoto wanasoma kwa fedha ya nani. Matokeo yalitoka mwaka 2003 katika kitabu kuhusu kaya za Lubumbashi kilichosimamiwa na Pierre Petit.

Katika ngazi ya taifa, uchunguzi wa afya na uzazi unaojulikana kama EDS ndio shule kubwa kuliko zote. Ule wa mwaka 2013-2014 ulichagua kwanza maeneo madogo 540 kote nchini. Ndani ya kila eneo kaya zote ziliorodheshwa upya, kisha zikachaguliwa chache kwa bahati nasibu. Mwishoni kaya 18,171 zilijibu, na wanawake 18,827 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakaongea. Kwa nchi kubwa hivi, kaya elfu 18 zinaonekana chache. Mpishi hanywi sufuria nzima ili kujua chumvi imetosha. Lakini huikoroga kwanza, na hizo hatua mbili, za maeneo kisha za kaya, ndizo kukoroga kwenyewe.

Mlango wa kumi na tatu

Chukua mfano wa mwanafunzi anayetaka kujua, kwa ajili ya memwari yake, watoto wangapi wa Kapata walikwenda kuokota au kuosha mawe ya madini wiki iliyopita. Namba zinazofuata ni za mfano tu, za kuonyesha kazi inavyokwenda.

Darasani amefundishwa fomula maarufu inayotoa 384 au 385: ndiyo idadi ya watu inayotosha kukadiria asilimia fulani kwa kosa lisilozidi pointi tano juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Wanafunzi wengi huishia hapo. Wanaandika 384 kwenye ukurasa wa tatu, kisha wanakwenda kusimama barabarani na kumuuliza kila anayepita mpaka 384 itimie.

Hapo fomula imeshakufa. Ile 384 ina maana tu kama kila mtu wa Kapata alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Anayepita barabarani saa nne asubuhi si mchimbaji aliyeingia shimoni alfajiri, si mama aliyelazwa na mtoto hospitalini, si kijana anayelala karibu na mgodi wiki nzima. Hata kama ataulizwa watu elfu kumi, watakuwa elfu kumi wa barabarani.

Marekani ilijifunza hilo kwa aibu mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za kura za majaribio kwa watu milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni mbili. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda karibu kila jimbo. Majina yalikuwa yamechukuliwa zaidi kwa watu wenye simu na magari, katika miaka ya njaa, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza.

Basi mwanafunzi wetu anaacha barabara. Anakwenda kwanza kwa shefu wa kartie kuomba ruhusa, anazunguka avenyu zote, anachora ramani na kuandika kila parseli. Picha za satelaiti zinamsaidia kuona paa, lakini paa halisemi kama chini yake kuna familia moja, nne, au stoo ya mifuko.

Tuseme anapata parseli 2,400 na anataka kutembelea 120. Anagawanya: 2,400 kwa 120 ni 20. Anachagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 20, inatoka 13. Atabisha hodi kwenye parseli ya 13, ya 33, ya 53, hivyohivyo hadi mwisho. Njia hii ni rahisi, na mara nyingi inafaa.

Lakini katika kambi ya kampuni inaweza kumtega. Nyumba zilijengwa kwa mpango. Kama kila mstari una nyumba 20 hasa, basi ya 13, ya 33 na ya 53 zote ni nyumba ya kumi na tatu ya mstari wake. Ikiwa nyumba za katikati ya mstari ziko mbali na barabara kuu, hatagusa hata moja yenye duka la uso wa barabara, wala ile ya mwisho inayopakana na njia ya kwenda migodini. Amechagua kwa bahati nasibu, na bado ameupima upande mmoja wa mfuko. Dawa yake ni ndogo: abadilishe hatua, au achague upya ndani ya kila mstari. Lakini hataijua dawa kama hajatembea Kapata na kuona jinsi ilivyojengwa.

Wapangaji wanne, mlango mmoja

Amefika kwenye parseli. Kuna nyumba ya mwenye kiwanja mbele, na vyumba vitatu vya wapangaji nyuma. Amuulize nani?

Kwanza lazima ajue kaya ni nini. Maana inayotumika katika chunguzi nyingi ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkubwa mmoja. Kwa maana hiyo hapa kuna kaya nne. Akichagua moja kwa kura, kila moja ina nafasi moja kati ya nne. Lakini kaya iliyo peke yake katika parseli ya jirani ilikuwa na nafasi kamili. Asiporekebisha, majibu ya wenye nyumba yatazidi na ya wapangaji yatapungua. Na kwa kuwa wachimbaji wengi wanaotoka mbali ni wapangaji, matokeo yatasema Kapata haina wachimbaji wengi kama ilivyo kweli.

Marekebisho hayo huitwa uzani: jibu la kaya iliyokuwa na nafasi moja kati ya nne huhesabiwa mara nne. Kwenye kompyuta ni mstari mmoja wa hesabu. Shida ni kwamba mdadisi lazima aandike siku ileile parseli ilikuwa na kaya ngapi. Akisahau, hakuna kompyuta itakayomkumbusha.

Kisha kuna mlango uliofungwa. Kishawishi kikubwa ni kwenda kwa jirani aliye wazi. Walimu wa somo hili hukataza, kwa sababu aliyefunga mlango mchana ana sababu ya kuwa mbali, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo inayochunguzwa. Sheria ya kawaida ni kurudi mara tatu, saa tofauti, pamoja na jioni au Jumapili baada ya ibada. Asipopatikana kabisa, anaandikwa kuwa hakupatikana, na msomaji wa ripoti aambiwe walikuwa wangapi.

Swali lenyewe linaweza kudanganya

Hata sampuli safi huharibika kwa swali baya. Kestioneri nyingi huandikwa kwa Kifaransa, kisha mdadisi huzitafsiri mlangoni kwa Kiswahili cha Kolwezi, kila mmoja kwa namna yake. Wadadisi watano, maswali matano.

Mwulize mama wa Kapata: "Mtoto wako anafanya kazi?" Kwa wengi kazi ni ile ya mshahara, ya kuandikishwa. Mtoto anayeosha mawe baada ya shule anamsaidia mamaye tu. Jibu litakuwa hapana, na halitakuwa uongo. Zaidi ya hapo, kila mzazi anajua kwamba mgeni mwenye karatasi anaweza kuwa mtu wa serikali au wa shirika, na kwamba kukubali kunaweza kumletea matatizo.

Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kuuliza matendo badala ya majina: "Jana mtoto huyu aliamka saa ngapi? Alikwenda wapi? Alibeba nini? Nani alimpa pesa?" Swali huandikwa mapema kwa Kiswahili cha mtaani, hurudishwa kwa Kifaransa na mtu mwingine ili kuona kama maana imebaki, kisha hujaribiwa kwa kaya chache ambazo hazitaingia kwenye hesabu. Mara nyingi ni katika majaribio hayo ndipo mwandishi wa maswali hugundua kwamba hakujua kuuliza.

Kabla ya yote hayo kuna hodi. Mdadisi anasalimia, anasema jambo mama au jambo papa, anajitaja, anaeleza ametoka wapi, majibu yatakwenda wapi, na kwamba mtu anaweza kukataa bila kudhurika. Katika kartie ambako wageni wamepita na kalamu mara nyingi na maji ya bomba yamebaki yaleyale, watu wana haki ya kuuliza watafaidika nini. Mdadisi anayeahidi bomba ili apate majibu amenunua majibu ya uongo.

Arobaini elfu

Kwa nini yote haya yana uzito Lualaba? Kwa sababu ya namba moja: 40,000. Hiyo ndiyo idadi ya watoto ambao UNICEF ilikadiria walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Amnesty International iliirudia katika ripoti yake ya Januari 2016 iliyoandikwa pamoja na shirika la Afrewatch, na tangu hapo imezunguka dunia nzima, mara nyingi bila mwaka wake, bila mipaka yake, na bila neno "ilikadiria".

Ripoti ile ya Amnesty yenyewe ilisimama juu ya mazungumzo na wachimbaji 87 wa sasa na wa zamani, 17 kati yao wakiwa watoto. Hakuna ubaya. Mazungumzo ya kina yanaonyesha mambo yanavyotendeka: nani ananunua, nani anapiga, mtoto anabeba kilo ngapi. Ila hayawezi kusema ni watoto wangapi, na hayakukusudiwa hivyo.

Wengine walijaribu kuhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichagua kwa bahati nasibu jamii 150 za eneo la shaba na kobalti na kuuliza kaya kwa kaya. Ripoti ilitoka mwaka 2017. Taasisi ya Ujerumani ya jiolojia, BGR, ilitembelea migodi 58 ya wachimbaji wa mkono katika Haut-Katanga na Lualaba na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Hesabu zao zilikuwa ndogo sana kuliko 40,000.

Je, watoto walipungua, au mtu alidanganya? Mwanafunzi aliyeelewa somo hataharakisha kuchagua. Atauliza kwanza: mmoja alihesabu waliochimba tu, au pia waliookota, kuosha na kuuza maji migodini? Alikwenda siku ya shule au wakati wa likizo? Alihesabu waliokuwa mgodini siku ile aliyofika, baada ya habari za ujio wake kutangulia, au aliwauliza wazazi nyumbani? Eneo lilikuwa lilelile? Namba mbili tofauti zinaweza kuwa majibu sahihi ya maswali mawili.

Wakongo wa mashariki wanaijua hali hii kwa uchungu zaidi. Idadi ya watu milioni 5.4 waliokufa kutokana na vita kati ya 1998 na 2007, iliyotolewa na shirika la International Rescue Committee mwaka 2008, haikutoka makaburini. Ilitoka kwenye chunguzi za sampuli: kaya ziliulizwa nani amekufa, kisha kiwango hicho kikalinganishwa na vifo ambavyo vingetokea hata bila vita. Wakosoaji, wakiwemo watafiti wa Human Security Report wa Kanada, walisema kiwango cha kawaida kilichotumika kilikuwa chini mno kwa Kongo, na kwamba maeneo ya chunguzi za kwanza hayakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Waliofanya kazi ile waliitetea. Hakuna kati yao aliyekana kwamba watu walikufa kwa wingi. Waliloligombania ni orodha, uchaguzi na kipimo cha kulinganisha: mambo yaleyale yanayofundishwa darasani.

Chache lakini za haki

Wengine wakisikia haya hukata tamaa na kusema hakuna namba ya kuaminika. Kasulo inawajibu. Katika kartie hiyo ya Kolwezi, watu walianza kuchimba kobalti ndani ya viwanja vyao mwaka 2014. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakaaji 72 wa hapo. Hawakuishia hapo. Walipima pia watu 25 wa kartie ya jirani isiyochimbwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability: wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, tofauti ikiwa kubwa zaidi kwa watoto, na katika watoto hao zilionekana pia dalili za madhara kwenye chembe za urithi.

Watu 97 si wengi. Hawawezi kusema asilimia ngapi ya wakaaji wa Kolwezi wamedhurika, na watafiti hawakudai hivyo. Lakini bila wale 25 wa jirani, kampuni yoyote ingesema kwamba Kolwezi nzima iko hivyo kwa sababu ya udongo wake. Wachache waliochaguliwa kwa swali lililo wazi, pamoja na wa kulinganishwa nao, walifunga mdomo huo.

Mtu akibisha hodi kwako

Kwa mkaaji wa Kapata, wa Luilu au wa Musonoi, elimu hii ina faida hata asipoingia darasani. Siku kijana mwenye simu au karatasi atakapobisha hodi, anaweza kumuuliza: kwa nini umechagua nyumba yangu na si ya jirani? Jibu zuri linaweza kuwa fupi: namba yako ilitoka kwenye kura. Kama jibu ni "nimeona mlango wako wazi", uchunguzi huo hauna uzito mkubwa.

Na siku redio itakaposema kwamba nusu ya kaya za Lualaba zinaishi hivi au vile, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kuamini au kukasirika. Waliulizwa wangapi? Walichaguliwa kutoka orodha gani? Wangapi hawakupatikana au walikataa? Na swali lenyewe liliulizwa kwa maneno gani, kwa lugha gani? Ripoti nzuri huyajibu yote manne katika kurasa zake za kwanza.

Mchimbaji kwenye depo hajasubiri shahada kuuliza maswali hayo. Akiona Metorex inaelekezwa kwenye kona moja ya mfuko, humwambia mnunuzi amwage mfuko chini, achanganye, kisha apime tena.